Kikombe cha Mwenye Maji

Kazi yangu ni samaki, na nimezaliwa na watu wasiokula samaki. Ndugu zangu wakikutana, lazima mmoja aniulize kama bado nalipwa kucheza na matope. Mama hakuwahi kuniuliza. Aliwaambia wanawake wenzake wa kanisani kwamba binti yake ana kazi ya maji, wakadhani naunganisha mabomba, naye akawaacha na dhana yao. Nilikasirika nilipojua. Baadaye nikaona afadhali hivyo, maana fundi bomba angalau watu humwita wakiwa na shida.

Kwetu binti wa pili hupewa jina la bibi mzaa mama, na mimi ni wa pili. Ndiyo maana mama huniita "maitu", yaani mama yangu, hasa anapotaka kunikemea bila kuonekana anakemea. Mimi namwita Mami. Anaishi peke yake Giakanja, kwenye shamba la kahawa na majani ya napia yanayoteremka mpaka bondeni. Mimi nakaa Nyeri mjini, karibu kiasi kwamba naweza kwenda kumwona siku yoyote, na kwa hiyo siendi mara nyingi.

Si mtu wa kutulia. Hata nikikaa kula, mguu mmoja unacheza chini ya meza. Mama husema natembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Kazi yenyewe haikunisaidia, kwa sababu kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya kumtafuta mtu asiyekuwepo.

Tulikuwa kikundi kidogo cha watafiti tuliogawana mto mmoja. Mto Tana unaanza huku kwetu, kwenye vijito vya Nyandarua na Mlima Kenya, unazunguka, unateremka kwenye nchi kavu, na mwisho unaingia baharini. Wenzangu walikaa chini kabisa, mahali maji ya mto na maji ya chumvi yanapokutana. Mimi nikapewa juu. Samaki tuliyemfuata anaitwa mkunga. Ni mrefu, mweusi, anateleza, na ukimwona kwenye nyasi utaapa ni nyoka. Huzaliwa mbali baharini, huko ng'ambo ya Madagaska, kisha huja na mikondo ya maji akiwa mdogo na mwangavu kama kioo. Anaingia kwenye mlango wa mto, anapanda, anapanda, mpaka kwenye maji baridi chini ya mlima. Huko anaishi miaka mingi, mwingine umri wa mtu mzima. Halafu siku moja mwili wake unamwambia basi. Anaacha kula, macho yanakuwa makubwa, tumbo linageuka rangi ya fedha, na anaanza safari ya kurudi alikozaliwa. Huko anataga mayai na kufa, na hakuna mahali pengine anapoweza kutaga.

Hayo ndiyo maisha yake, au ndiyo yaliyokuwa. Katikati ya huku na baharini sasa kuna mabwawa ya umeme, moja baada ya jingine, yenye kuta ndefu kuliko kanisa lolote la Nyeri. Mdogo akitoka baharini anakutana na ukuta. Mkubwa akitoka huku anakutana na mashine.

Nilitega mitego Chania, Gura, Thiba na Nyamindi. Nilipata kaa, kambare, na wale trauti walioletwa na Wazungu. Mkunga sikumpata. Wazee wa mitoni waliniambia kwamba zamani walikuwako, na kwamba walipokuwa wavulana waliwaua kwa mawe na kuwaacha hapo hapo, kwa sababu nani angemla nyoka. Nilikuwa nawasikiliza huku nimeuma meno kwa hasira, kisha nawashukuru, kisha napanda gari.

Jioni nilikuwa napigiwa simu na mwenzangu wa kule chini, mwanamke wa pwani mwenye subira ambayo mpaka leo sijui aliinunua wapi. "Dada'ngu," angesema, "leo chumvi imepanda tena. Imeingia mashambani kwa watu, mpunga umeungua." Mafuriko ya zamani yaliyokuwa yakiisukuma bahari nyuma hayakuwa yakija kwa wakati wake. Mabwawa yaliyashika, na mvua nayo ilikuwa imepoteza adabu, ikikosekana Aprili na kumwagika Septemba. Mikoko ilikuwa inakauka upande wa juu. Samaki waliozoea kuingia na kutoka walifika mlangoni, wakakuta mchanga umeuziba. "Na huko juu je?" angeuliza. Ningemjibu kwamba huku juu hakuna kitu, na yeye angesema basi tuvute subira, na mimi ningekata simu nikizunguka chumba.

Mwishowe wakaniambia nihamie pwani. Walisema, na hawakukosea, kwamba hakuna maana ya kumlinda mtu kwenye nyumba iliyohamwa. Nikakubali. Nilikuwa nimeanza hata kugawa vyombo.

Hapo ndipo mama akapiga simu. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule, kisha mvua ikashuka ghafla katika mwezi usio wake, ya mawe, ya kubomoa matuta.

"Maitu," akasema, "kuja. Mwenye maji ametoka."

Lazima nieleze. Chini ya shamba letu kuna chemchemi. Maji yanatoka kwenye mwamba, yanajaa kwenye kidimbwi kilichozungukwa na mafunjo na miti ya mikuyu, halafu yanapita kwenye bomba kwenda nyumba kadhaa za chini na kumalizikia Chania. Tangu nikiwa mdogo tulijua kwamba ndani ya kidimbwi kile kuna nyoka, mwenye maji, na kwamba akiuawa au akiondoka maji yatakauka. Watoto hatukuruhusiwa kukaribia. Watu wazima nao hawakukaribia, ingawa wote walikuwa wamebatizwa. Ni mama pekee aliyeshuka huko kila asubuhi na kikombe cha bati. Ukimwuliza anakwenda kufanya nini, alikuwa na jibu moja, "Naosha tu kikombe." Kikombe kilikuwa na maziwa karibu nusu. Siku nyingine kilikuwa na matumbo ya kuku. Yeye ni mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa halishi nyoka, kwa hiyo alikuwa anaosha kikombe.

Mimi nilikwenda shule, nikasoma mpaka nikachoka, nikafanya utafiti kwenye kila mto wa eneo lile, na hata siku moja sikufikiria kuchungulia kwenye kidimbwi cha nyumbani. Ilikuwa hadithi ya Mami. Nani anafanya utafiti kwenye hadithi ya mama yake?

Nilimkuta nyuma ya jiko, amesimama mbele ya karai kubwa lililofunikwa gunia bichi, mikono amefunga kama askari wa zamu.

"Nimeipata kwa napia," akasema. "Inaenda. Mimi nikairudisha na gunia. Saa hii imejaribu kutoka tena."

Nikafunua gunia. Nilikaa chini kwenye tope na sketi yangu ya kazini, nikasahau kuinuka. Alikuwa mkunga, jike, mnene kama mkono wangu, mrefu kuliko yeyote niliyewahi kumwona hata kwenye picha. Macho yalikuwa makubwa, yamemjaa kichwa. Tumbo lilikuwa la rangi ya fedha. Pua ilikuwa na kidonda, na baadaye nilipokwenda kidimbwini niliona kwa nini. Mdomo wa bomba ulikuwa na wavu wa chuma, na alikuwa ameugonga na kuugonga.

Nilianza kulia, na sioni haya kusema hivyo. Tungeweza kuwa rika moja, mimi na yeye. Huenda alipanda huku kabla mabwawa hayajaisha kujengwa, wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Miaka yote ile nilipokuwa namtafuta kila mahali, alikuwa anakunywa maziwa ya mama yangu.

"Mami, huyu si nyoka," nikasema. "Huyu ni sama…"

"Nyamaza!" Alitazama kwanza kwenye ua wa jirani. "Usiseme hiyo neno hapa."

Jirani yetu si mtu mbaya. Ana watoto shuleni na shamba la mishiri, yale maharagwe ya kuuza nje, lililokuwa linakauka mbele ya macho yake. Alikuwa amepata pampu kutoka kwa shemeji yake wa Endarasha, kule ambako watu wamenyonya vijito mpaka vikabaki mawe. Pampu ilikuwa imefunikwa turubai karibu na ua, tayari. Kitu kimoja tu kilimzuia kutumbukiza mpira kwenye kidimbwi chetu, na kitu hicho kilikuwa kwenye karai. Mara moja alikuwa ameniuliza mbele ya mama, "Daktari, wewe ndiye umesoma. Hiyo nyoka ni ya ukweli ama ni story?" Nikafungua mdomo, na mama akadondosha sufuria makusudi.

Kwa hiyo tulibishana jikoni kwa sauti ya chini, moshi ukituingia machoni. Nilimwambia mama kwamba yule hatakaa tena. Kila mvua itakaponyesha atatoka, na siku moja atatoka upande wa barabara, na mtu mwenye panga atafanya kile ambacho mtu yeyote wa Giakanja angefanya. Na hata asipouawa, hatakula tena. Atakufa kidimbwini na mayai yake tumboni.

"Si umwache aende na mto basi," mama akasema.

"Mto una mashine, Mami. Zitamkatakata."

"Na akienda, hii maji?"

"Maji hayatokani na yeye. Yanatoka mlimani."

"Hiyo najua!" Alinikaripia kama mtoto. "Unafikiri mimi ni mjinga? Maji inatoka mlima. Lakini nani anaichunga? Ni wewe? Wewe si unaenda pwani?"

Nikibanwa huwa nasimama. Nilisimama, nikatoka nje, nikazunguka banda la ng'ombe mara kadhaa, nikarudi. Mama alikuwa bado ameketi pale pale kwenye kigoda, akitazama moto.

"Iko na mayai?" akauliza.

"Mengi sana. Hayajakomaa. Yatakomaa njiani."

"Na lazima izae huko mbali?"

"Huko tu."

"Na ikizaa?"

"Anakufa."

Akachukua kijiti, akasukuma jivu. Alizaa watoto wanne, na sisi sote tulitoka, mmoja mpaka nchi ambayo hawezi kuitamka. Alisema, "Basi tutaipeleka. Lakini mimi nakuja. Na mtu asijue."

Kibali cha kumsafirisha mkunga nilikuwa nacho tangu mwanzo wa utafiti, sijawahi kukitumia. Gari nililipata kwa mfanyabiashara wa mbuzi wa Nanyuki, Mwislamu wa mji ule, aliyezoea kunibebea mitego kwenye pikapu yake aliporudi kutoka mnadani. Nilimweleza kwa simu. Alicheka mpaka akakohoa. "Daktari, nimebeba mbuzi, ngamia, hata kondoo wa harusi. Samaki mzima wa kurudishwa baharini, huyo ni wa kwanza." Alifika alfajiri na pipa la buluu lenye mfuniko.

Kabla ya kumtia pipani nilimlaza mkunga kwa mafuta ya karafuu, kama tunavyofanya, ili asisikie maumivu, nikamwekea chini ya ngozi kifaa kidogo kama punje ya maharagwe. Kifaa hicho hutoa mlio ambao binadamu hausikii, lakini vipokezi vyetu vilivyotegwa mtoni kule chini vinausikia. Mama alishika taa. Maji ya pipa tuliyachota kwenye chemchemi, na mama akajaza madumu mengine ya akiba, kwa sababu alikataa katakata mwenye maji akabadilishiwe maji ya watu wengine njiani.

Tulipokuwa tunatoka, jirani alikuwa kwenye ua. "Mama, mnaenda safari?" Mama akasema tunaenda safari, Mungu akipenda tutarudi jioni. Hakuongopa hata kidogo. Nilimwona akijipongeza.

Tulikaa watatu mbele, mama katikati. Nilikuwa nimefunga kwenye pipa mashine ya kupuliza hewa inayotumia betri, na kila gari liliporuka shimo nilimwomba dereva asimame nikaangalie.

"Daktari, mnyama wa safari huachwa," akasema. "Ukimchungulia kila saa ndio anashtuka."

"Muache," mama akamwambia. "Huyu hata tumboni hakukuwa anakaa."

"Shosho," dereva akasema, akimwita mama bibi, "na mbona gari yangu inanuka pilau?"

"Ni dawa ya samaki," mama akajibu, na akashtuka kwa neno lililomtoka. Tulikuwa tumeshapita Karatina. Akarudia polepole, kama anayejaribu kiatu, "Samaki." Hapakuwa na mtu wa Giakanja wa kumsikia.

Wang'uru tulisimama, dereva akaenda kuswali, na mimi nikapanda nyuma kuongeza maji ya dumu. Kote kulikuwa na mpunga, na mifereji imejaa, lakini mashamba yale hupuliziwa dawa, nisingethubutu kutumia hata kikombe kimoja. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mchele kando ya barabara alikuja kunishawishi ninunue pishori. Akachungulia pipani kabla sijamzuia.

"Ngai! Nyoka!" Alirusha kipimo chake, mchele ukamwagika lamini. Watu wakaanza kuja. Mmoja tayari alikuwa na fimbo. Nikajikuta nimelalia mfuniko kwa kifua changu, napiga kelele kwamba ni samaki, ni samaki tu, na hakuna aliyeniamini, kwa sababu samaki wanamjua, huwa kwenye sahani.

Ni mama aliyeshuka. Alijifunga leso kiunoni, akamtazama yule mwenye fimbo. "Hiyo ni yangu," akasema. "Wewe ukiona mtu amebeba kitu yake, huwa unampiga?" Yule mtu akasema ati, shosho, nyoka itakuuma. "Iko na miaka mingi kwangu kuliko wewe kwa mama yako. Imeniuma wapi?" Wakacheka, fimbo ikashuka. Mama akanunua mchele wa yule mwanamke, pamoja na uliomwagika, akaufunga kwenye leso. Dereva aliporudi alituuliza kwa nini tunapumua hivyo.

Tukapita Embu, tukateremka Kiritiri, na nchi ikabadilika. Joto likapanda. Mama alivua sweta, kisha kitambaa. Hakuwahi kufika upande ule. Njiani nilimwonyesha kwa mbali maji ya bwawa la kwanza, mapana, ya kahawia, na akasema ni bahari ndogo. Hakuona shida yoyote mpaka tulipofika bwawa la mwisho na kusimama mahali ambapo ukuta unaonekana wote.

Alishuka garini. Alitazama juu, akatazama chini, akatazama tena juu.

"Hawa watoto wake," akasema, "wakitoka huko bahari. Watapita wapi?"

Nilikuwa nimelitarajia swali hilo tangu jikoni. Nilikuwa nimeshukuru kwamba hakuliuliza.

"Hawapiti, Mami."

"Hata mmoja?"

"Zamani kuta zilikuwa chache na fupi, walikuwa wanapanda usiku kwenye mawe yaliyolowa. Hii hawaiwezi."

"Kwa hivyo hakuna mwingine atakuja kwangu."

"Hakuna."

Nilingoja aniambie tugeuze gari. Nadhani ningegeuza. Nilikuwa namwonea huruma kiasi kwamba kwa dakika ile nisingejali utafiti, wala bahari, wala mtu yeyote wa kule chini. Dereva alijifanya anaangalia tairi.

"Ungeniambia nyumbani," mama akasema. Halafu akamgeukia dereva. "Baba, si tushushe hiyo pipa. Jua inaingia ndani."

Tuliteremsha pipa mpaka chini ya ukuta, mahali mto unapojikusanya tena na kuanza kutembea. Maji yalikuwa ya kahawia kwa mvua ile. Tukamlaza mkunga kwenye gunia bichi kwenye kina kifupi. Mama alivua viatu, akaingia mpaka magotini. Kwa maisha yake yote alikuwa hajawahi kumgusa kwa mkono mtupu. Alimgusa mgongoni, akaurudisha mkono haraka, akamgusa tena.

"Inateleza kama mtoto amezaliwa," akasema.

Mkunga alitulia kidogo, akionja maji. Kisha akajikunja mara moja na hakuwepo. Mama alibaki ameinama, mikono imeshika maji. Nilitaka kusema kitu na nikashukuru kwamba dereva alinitangulia. Alisema, "Allah amfikishe," na mama, mzee wa kanisa, akasema amina.

Yaliyofuata yalikuwa majuma mabaya kuliko yote. Sikulala vizuri. Nilipiga simu pwani mpaka mwenzangu, hata yeye, akaanza kuchelewa kupokea. Mlango wa mto ulikuwa umezibwa na mchanga kwa sehemu kubwa, chumvi imepanda, maji yamepungua. Kipokezi cha kwanza kule chini kilimsikia akipita. Cha pili kikamsikia. Kisha kukawa kimya. Mama naye alipiga kila siku, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi mwenyewe nikiwa safarini.

"Imefika?"

"Bado, Mami."

"Si umwulize huyo rafiki yako."

"Nimemwuliza."

"Mwulize tena."

Nilihisi kwamba nimemwua. Nilimwona amekwama kwenye kidimbwi cha chumvi nyuma ya mchanga, akigonga kama alivyogonga wavu wa bomba. Nilivipanga vyombo vyangu kwenye maboksi, nikavitoa, nikavipanga tena.

Halafu mvua ikanyesha huku juu, nyingi, siku mfululizo, mpaka mabwawa yakajaa na yakafunguliwa. Mafuriko yakateremka. Yalifukuza watu mashambani kule chini, na nisingesema kwamba ni jambo jema. Lakini yalifika baharini na kuubomoa mchanga. Simu ilipoita nilikuwa sokoni Nyeri nachagua nyanya.

"Dada'ngu," mwenzangu akasema. Nilisikia upepo nyuma yake. "Kipokezi cha mwisho kimemsikia. Mlangoni kabisa, maji yakitoka. Naye ametoka."

Niliacha nyanya juu ya meza ya watu, nikaenda moja kwa moja Giakanja. Nilitaka kumwambia mama uso kwa uso. Sikumkuta nyumbani, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo nikateremka bondeni.

Alikuwa kidimbwini, ameinama kati ya mafunjo, na kikombe cha bati mkononi. Nilidhani kwanza ni mazoea, mtu akizeeka mwili hufanya ulichozoea. Kisha nikaona kwamba alimimina maziwa polepole, juu juu, mahali yanapoonekana, na kwamba alikuwa anaongea na maji kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake. Ng'ambo ya ua alisimama jirani, mpira wa pampu begani.

Nikaelewa kwamba alikuwa amefanya hivyo kila asubuhi tangu turudi, kwenye kidimbwi kitupu, huku akijua hakuna mwingine atakayekuja.

"Mami, unafanya nini?"

"Naosha tu kikombe," akasema, bila kugeuka.

Jirani akanisogelea uani. Alikuwa amekonda. Mishiri yake ilikuwa imeungua mvua ilipokosekana, na ile iliyobaki ilipigwa na mvua ilipozidi. "Daktari," akasema kwa sauti ya chini, ya heshima, "nimeskia watu wa mnada wakisema ati mlibeba kitu kwa pipa. Wewe umesoma hii mambo, huwezi nidanganya. Hiyo nyoka bado iko?"

Maisha yangu yote nimewalaumu watu kwa kumwita nyoka. Nimewafundisha watoto wa shule, nimebishana na wazee, nimepiga kelele Wang'uru nikiwa nimelalia pipa. Mama alikuwa ameacha kuongea na maji. Mgongo wake ulikuwa unanisikiliza.

"Iko," nikasema. "Na siku hizi ni kali."

Jirani akatazama mafunjo. Akautoa mpira begani, akauviringa, akapanda nao kwake bila kuniaga.

Nikamwambia mama, kwa sauti ndogo, kwamba amefika, amepita, yuko baharini. Alisuuza kikombe, akakikung'uta, akajaribu kusimama na magoti yakakataa, nikamshika kiwiko. Alikuwa analia na alikuwa amekasirika kwamba namwona.

"Shika," akasema, akinipa kikombe. "Mimi niko na magoti mbaya. Kesho ni wewe utaosha."

Nilikuwa na maboksi yaliyofungwa na watu walionisubiri pwani. Nikakichukua. Kilikuwa kimelowa, na bado kinanuka maziwa.